Wayo Upumzike, Wengu Upimwe

Mtu akiniuliza kama refleksolojia, ule ukandaji wa nyayo unaodai kila kiungo cha mwili kina sehemu yake wayoni, inafanya kazi, nami humuuliza: kazi gani? Kama ni kuiondolea miguu uchovu, kushusha mabega yaliyopanda kwa wasiwasi na kumpa mtu usingizi wa maana usiku ule, ndiyo, inafanya, na sina sababu ya kumnyima mtu starehe hiyo. Kama ni kutibu figo kwa kubonyeza katikati ya wayo, au kugundua ugonjwa wa ini kwa kupapasa mguu wa kulia, la. Majibu haya mawili huchanganywa kila siku, na mara nyingi anayeyachanganya ndiye anayepokea pesa.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na huku Isiolo, kaskazini mwa Kenya, miguu haipumziki. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000 na watu takriban 268,000 kwa sensa ya 2019, kwa hivyo kutoka hapa hadi pale ni mwendo. Mchungaji wa Garba Tulla au Oldonyiro hutembea kutwa na akala, vile viatu vya tairi kuukuu ambavyo havichakai lakini havipindi pia. Mama wa maziwa ya ngamia huamka kukiwa bado giza, hupokea madumu, huonja, huchuja, kisha husimama stendi mpaka mzigo wake wa Eastleigh, Nairobi, upakiwe kwenye basi. Dereva wa lori la Moyale hukaa magoti yamekunjwa kwa takriban kilomita 500. Jioni wote watatu wanataka jambo moja: mtu awashike miguu.

Na kushikwa miguu si jambo geni kwetu. Wamama wakongwe wa Kiborana na Kisomali wamekuwa wakikanda kwa samli, mzazi akiwa ndani siku zake 40 na mtoto mchanga akinyooshwa viungo, kama vile mkandaji wa Lamu au Mombasa anavyomkanda mzazi kwa maji ya moto. Refleksolojia imekuja kukaa juu ya desturi iliyokuwapo. Nadhani imepokewa kwa urahisi kwa sababu ambayo waasisi wake hawakuifikiria: mtu havui nguo. Katika mji wenye Waislamu wengi, ambako neno masaji limeshachafuliwa na matangazo ya Nairobi, ni nafuu kubwa kuambiwa kwamba kinachovuliwa ni viatu na soksi tu, mwanamke anashikwa na mwanamke mwenzake, na pazia likibaki wazi hakuna linaloharibika.

Wanaoiuza hupenda kusema ni elimu ya Mafirauni. Wana picha ya kuonyesha: kaburi la Ankhmahor kule Saqqara, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, ambalo ukutani mwake wamechongwa watu wakishughulikiwa mikono na miguu. Picha ipo kweli. Ila wasomi wanabishana kama watu wale wanakandwa, wanakatwa kucha au wanapasuliwa jipu, na hakuna palipochorwa ini wala figo kwenye wayo wa mtu. Ramani tunayoiona leo kwenye mabango ni ya juzi tu. William Fitzgerald, daktari Mmarekani wa masikio, pua na koo, aliona kwamba akibana vidole vya mgonjwa kwa nguvu, maumivu ya sehemu nyingine hupungua. Akaugawa mwili katika kanda kumi zinazoshuka kutoka kichwani hadi vidoleni, na mwaka 1917 yeye na Edwin Bowers wakatoa kitabu juu ya jambo hilo. Eunice Ingham, mwenzangu katika fani, aliyekuwa akifanya kazi na Dkt. Joe Shelby Riley, akazihamishia kanda zile kwenye nyayo kwa undani zaidi na kuandika kitabu chake mwaka 1938. Kwa hivyo ramani yenyewe ni ya rika moja na babu zetu.

Inavyosomwa ni hivi. Kidole gumba ni kichwa. Nyama iliyo chini ya vidole ni mapafu. Ukingo wa ndani wa wayo, ulioinuka kidogo, ni uti wa mgongo. Katikati kuna tumbo, utumbo na figo, na kisigino ni nyonga. Ini liko mguu wa kulia, moyo na wengu mguu wa kushoto. Ukiweka nyayo mbili pamoja unapata mtu mzima amekaa. Mchoro unapendeza, na nadhani kupendeza kwake ndiko kulikoufanya uenee kuliko ushahidi wowote.

Sasa tuangalie wayo wenyewe. Mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Ngozi ya wayo ni nene, haina vinyweleo, na imejaa vipokezi vya aina mbalimbali: vingine huhisi mgandamizo unaodumu, vingine mtikisiko, vingine ngozi inapovutwa. Kazi yao hasa ni kukusaidia usianguke. Taarifa zao hukusanywa na neva inayopita nyuma ya kifundo cha ndani, hupanda mguuni, huingia kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiunoni na kuendelea hadi kwenye ubongo. Ini, tumbo na figo zina neva zao nyingine, zinazotoka shina la ubongo na uti wa mgongo nyuma ya kifua. Hakuna uzi unaotoka katikati ya wayo ukaishia kwenye figo. Kumbonyeza mtu wayo ili figo iamke ni kupiga hodi kwa jirani ukitarajia mwenyeji wako afungue.

Hata hivyo mtu akishikwa miguu hutulia, na kutulia huko kuna maelezo. Mgandamizo wa polepole, usioumiza, unaorudiwa kwa mpangilio, ni habari njema kwa ubongo: hakuna hatari hapa. Ule upande wa neva unaouweka mwili tayari kupigana au kukimbia hulegea, moyo hupunguza kasi, pumzi hushuka tumboni. Ongeza kwamba mtu amelala chali, simu imezimwa, hakuna anayemdai kitu. Tena, ngozi yenye vinyweleo, kama ya juu ya mguu na ya muundi, ina nyuzi nyembamba za neva ambazo hazijali sana kugandamizwa. Hizo huamka zaidi zikipapaswa taratibu, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na taarifa zake huenda sehemu ya ubongo inayohusika na hisia za raha na upendo. Ndiyo maana mkandaji mzuri haishii kwenye wayo. Anamaliza kwa kuteremsha viganja kutoka gotini hadi vidoleni, polepole kabisa, na hapo ndipo wengi hulala.

Naye Fitzgerald huenda aliona kitu cha kweli akakipa sababu isiyo yake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una namna ya lango: taarifa za mguso zikipita kwa wingi, zile za maumivu hubanwa. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua kabla hata ya kufikiri. Kuumiza sehemu moja pia kunaweza kupunguza maumivu ya sehemu nyingine kwa muda. Yote haya hayahitaji kanda kumi.

Ramani imewahi kujaribiwa, na jaribio ninalolipenda ni la Uingereza, la mwaka 2000. Adrian White na wenzake waliwachukua watu wazima 18 wenye maradhi yanayojulikana, wakawafunika ili waonekane miguu tu, kisha wakawaita wataalamu wawili wa refleksolojia wasome nyayo zao bila kuzungumza nao. Wasomaji wale hawakuweza kuyatambua maradhi, na wao kwa wao hawakukubaliana. Yule anayekushika mguu hapa mjini akakwambia figo yako imechoka, ama amekuhoji kwanza pasipo wewe kujua, ama anabahatisha. Katika nchi yenye joto kama hili, kumwambia mtu hanywi maji ya kutosha si utabiri mgumu. Zile mashine za kushika kifimbo cha chuma na kutolewa karatasi ya majibu ya “mwili mzima” naziweka kapu hilohilo.

Kuhusu tiba yenyewe, Edzard Ernst na wenzake walikusanya majaribio 23 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba refleksolojia inatibu ugonjwa wowote. Serikali ya Australia nayo iliipitia pamoja na tiba nyingine mbadala, ripoti ikatoka mwaka 2015, na tangu Aprili 2019 bima za kibinafsi za huko haziruhusiwi kuilipia kwa ruzuku ya serikali.

Lakini kuna utafiti mwingine ambao wapinzani wakali huuruka, nami sipendi kuuruka. Gwen Wyatt wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alifuatilia wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Baadhi walifanyiwa refleksolojia, baadhi walikandwa miguu na mtu asiye mtaalamu wa ramani, wengine waliendelea na matibabu ya kawaida peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2012: maumivu, kichefuchefu, wasiwasi na huzuni havikubadilika, lakini waliofanyiwa refleksolojia walipumua kwa nafuu zaidi na kumudu shughuli za mwili vizuri kidogo kuliko waliopata matibabu ya kawaida tu. Kisha mwaka 2017 akaja na jaribio ambalo kwangu ndilo lenye maana kwa Isiolo. Wanawake 256 waliokuwa wakitibiwa saratani hiyo walikuwa kila mmoja na ndugu au rafiki. Kundi moja la ndugu hao lilifundishwa namna ya kukanda, wakawakanda wagonjwa wao nyumbani kwa wiki nne. Dalili za wagonjwa wao zilipungua ukali kuliko za wale wasiokandwa. Hapo hapakuwa na kliniki wala cheti ukutani. Palikuwa na binti na mama yake.

Mgonjwa wa saratani wa kwetu husafiri mbali, mara nyingi hadi Meru au Nairobi, na akirudi nyumbani jamaa hukaa wakimtazama wasijue la kufanya. Kumfundisha binti namna ya kumkanda mama yake miguu ni jambo la asubuhi moja. Halikati dawa, haliongezi deni, na linawapa wote wawili cha kushika.

Ramani inaponitia hasira ni pale inapomwongezea mtu ugonjwa asiokuwa nao. Kisigino ni mfano ninaokutana nao sana. Mama anayesimama na madumu ya maziwa huamka asubuhi, akikanyaga hatua ya kwanza kisigino kinachoma kama ameangukia msumari. Akitembea kidogo kinapoa, akikaa kisha akisimama kinarudi. Mmoja alinijia akiwa ameshaambiwa kwamba pale panapouma ni kizazi. “Daktari, nimeacha kulala,” akasema (kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, usijisumbue kukanusha). Kizazi hakikuwa na neno. Kilichochoka ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, umevutwa kupita kiasi na kusimama juu ya kiatu kisichopinda na misuli ya shavu la mguu iliyokaza. Dawa yake haina siri: kabla ya kushuka kitandani vuta vidole vya mguu kuelekea kwako na uhesabu polepole hadi 30, rudia mara kadhaa, jioni bingirisha chupa ya maji baridi chini ya wayo, weka kipande cha sponji ndani ya kiatu, egemea ukuta na unyooshe shavu la mguu. Huchukua wiki nyingi, si siku mbili. Kukandwa wayo na kidole gumba kunasaidia pia, ila kwa sababu kunalegeza utando wenyewe.

Na kuna kosa la pili, la kumficha mtu ugonjwa alio nao. Kwenye ramani, wengu, wengine huuita bandama, umechorwa upande wa nje wa wayo wa kushoto. Sasa sisi tunaishi katika nchi ya kala-azar. Mwaka 2008 ugonjwa huo ulilipuka Isiolo na Wajir, na hujirudia katika kaunti hizi za kaskazini. Huambukizwa na inzi mdogo wa mchanga anayejificha kwenye vichuguu na nyufa za ardhi, palepale mifugo inapolala na watoto wanapoota moto jioni. Mgonjwa huwa na homa isiyoisha, hukonda, hupungukiwa damu, na tumbo huvimba upande wa kushoto kwa sababu wengu umekuwa mkubwa. Asipotibiwa, Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya 95 kati ya 100 hufariki. Kipimo ni tone la damu na subira ya dakika chache. Matibabu ni sindano kila siku kwa siku 17. Mzazi wa Merti, aliye takriban kilomita 200 za njia mbaya kutoka mjini, akiambiwa na mtu mpole mwenye mikono laini kwamba wengu wa mtoto “umefunga” na utafunguka kwa kubonyezwa mara mbili kwa wiki, atashukuru, atalipa, na atasubiri. Kusubiri huko ndiko kunakoua. Jijini Nairobi ramani hula pesa yako tu, kwa kuwa hospitali iko ng'ambo ya barabara.

Presha nayo iko hivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu robo ya watu wazima nchini wana shinikizo la damu lililopanda, wengi wao bila kujua. Ukipimwa baada ya kukandwa nusu saa, kipimo kinaweza kushuka kidogo, kwa sababu ulikuwa umelala. Kesho yake kimerudi. Asije mtu akaacha vidonge kwa ajili ya kipimo cha kitandani.

Kuna miguu ambayo mkandaji asiiguse mpaka ipitie hospitali. Wa kwanza ni mguu mmoja uliovimba peke yake, shavu lake lina joto na linauma, hasa kwa dereva aliyetoka safari ndefu, mtu aliyelala kitandani siku nyingi au mama aliyejifungua karibuni. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuusukuma mguu kunaweza kuling'oa donge likaenda kwenye mapafu. Mjamzito kuvimba miguu jioni ni kawaida, lakini akivimba uso na mikono, kichwa kikimuuma na macho yakimwonyesha vimulimuli, hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia, na hakuna muda wa mafuta. Mwenye kisukari ana hadithi yake. Neva zake za miguu huweza kufa ganzi, akakanyaga mwiba wa mgunga uliopenya akala asijue mpaka harufu itokee. Kwake ukandaji uwe mwepesi, kwenye taa ya kutosha, na uanze kwa kuutazama wayo wote hadi katikati ya vidole. Asilowekwe miguu kwenye maji moto, kwa maana ataungua bila kusikia. Waumini wanaotawadha mara tano kwa siku wana miguu safi kuliko wengi wetu. Wakijizoesha kukausha katikati ya vidole, fangasi nayo hukosa pa kukaa.

Kwa mwenye afya, nusu saa yatosha. Osha miguu kwa maji vuguvugu, ikaushe. Anayekandwa alale au aegemee, kisigino chake kikae juu ya mto mapajani mwako. Mafuta kidogo ya simsim, ya nazi au samli, yasizidi, la sivyo vidole vyako vitateleza badala ya kushika. Anza kwa kushika mguu wote kwa viganja viwili pasipo kufanya lolote, mpaka pumzi yake ipoe. Watu huiruka hatua hii na ndiyo yenye faida. Kisha tumia ubavu wa kidole gumba, ukikikunja na kukikunjua, usogee kidogo kidogo kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, mstari kwa mstari. Pakiuma, punguza, na yule anayekwambia maumivu ni sumu inayotoka, mjibu kwamba kazi ya kutoa taka ni ya figo na ini na haipitii wayoni. Zungusha kifundo, vuta kila kidole taratibu, maliza kwa viganja kutoka gotini kwenda chini. Usizungumze sana.

Ukienda kwa mtaalamu anayelipwa, mwulize maswali mawili. Je, anatambua magonjwa kwa mguu? Je, kuna chupa au unga unaouzwa baada ya kukandwa? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, vaa viatu. Wako waaminifu ambao hukwambia wanakupumzisha tu, na hao wanastahili malipo yao kama kinyozi anavyostahili yake.

Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya asili na mbadala, na inataka uwekwe mwongozo wa rufaa kutoka kwa watabibu hao kwenda vituo vya afya. Mwongozo huo ningeupendelea uwe nusu karatasi, kwa Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana, Kimeru na Kiswahili, ubandikwe kwenye kila chumba cha kukandia na upewe kila mama mkongwe anayekanda wazazi. Uandikwe mguu mmoja uliovimba, kidonda cha mwenye kisukari, mjamzito anayeumwa kichwa, na homa iliyozidi wiki mbili kwa mtoto aliyevimba tumbo upande wa kushoto. Na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la kituo cha karibu kinachopima kala-azar na namba ya simu ya gari la wagonjwa.